Kijakazi naye atatungiwa utenzi lini?

Mtu wa Mombasa anayekwenda Lwakhakha ni sharti kwanza aisahau bahari. Nilipanda basi jioni, nikapambazukiwa safarini, na nilipofika Bungoma nikatafuta matatu ya kupitia Malakisi. Tulibanana humo abiria, magunia ya vitunguu na kuku wawili waliofungwa miguu. Mlima Elgon ulikuwa mbele yetu njia nzima, kilele chake kimo winguni.

Lwakhakha ni mji mdogo wa mpakani. Mto wenye jina hilo hilo ndio unaoigawanya Kenya na Uganda, na mtu akivuka daraja yumo katika nchi nyingine. Lakini akina mama wauza ndizi wa ng'ambo hii na wale wa ng'ambo ile husalimiana kwa maneno ambayo masikio yangu hayakuweza kuyatenga, kwa kuwa Wabukusu wa huku na Wagisu wa kule asili yao ni moja, na wote hutahiri vijana wao katika miaka ya shufwa. Mimi na kofia yangu ya viua nikawa ndiye mgeni wa pande zote mbili. "Mulembe," wakaniambia, nami nikajibu "Mulembe" kama nilivyofundishwa, wakacheka.

Nilikwenda kumwona kijana niliyemsomesha zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya huko. Alikuwa amenipelekea barua kunieleza kuwa wanafunzi wake wanadhani utenzi ni swali la mtihani tu, basi nije niwaoneshe kuwa una roho. Mwito kama huo hauna mshairi anayeukataa.

Siku ya pili nikasimama mbele ya darasa. Nikawaeleza habari za mizani nane, vina vitatu vya ubeti na kile cha nne kinachofunga utenzi mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikawaambia kwamba sisi watu wa pwani tumehifadhi habari zetu na za dini yetu kwa njia hiyo tangu zamani. Nikawatajia Bwana Mwengo bin Athumani aliyetunga Utenzi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyesimulia kwa tenzi vita vya Abushiri na Wajerumani vya miaka ya 1888 na 1889. Kisha nikaona mabinti walio mstari wa mbele wanapiga miayo, nikatoa silaha yangu kubwa. Nikawaambia: msidhani haya ni ya wanaume peke yao. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, hali ni mgonjwa na mumewe Bwana Mataka wa Siyu amekwisha kufariki, alimtungia bintiye utenzi ambao mpaka leo unasomwa. Taja mataifa mangapi ambayo mwaka ule mwanamke wake alikuwa akiandika!

Hapo akainuka binti mmoja wa kidato cha tatu, mwembamba, sauti yake ya chini.

"Mzee, naomba kuuliza. Huyo Mwana Kupona alikuwa na watumwa?"

Nikasema ndiyo, kama walivyokuwa nao watu wote wa daraja lake zama zile.

"Yeye aliwatungia nini?"

Msomaji, kama umeusoma utenzi ule unajua mashaka yaliyonipata. Mwana Kupona amewataja watumwa, naam. Amewataja katika kumwonya bintiye asichanganyike nao isipokuwa wakati wa kazi, kwa kuwa watamtia aibuni. Ningaliweza kuzungusha maneno, na sisi waandishi hatushindwi kuyazungusha. Lakini mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa amesimama pale mlangoni, na nilipokuwa nikimfundisha nilimwambia mara nyingi kwamba mshairi asiseme uwongo. Nikawaeleza kama ulivyo ubeti wenyewe.

Darasa likanyamaza. Binti akauliza la mwisho, bila ya ukali wowote: "Sasa wao walitungiwa na nani?" Kengele ikalia, nikaishukuru.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, mwalimu alinieleza kwamba swali lile halikutoka hewani. Wabukusu nao wana historia yao ya kusemwa kwa mdomo. Mzee mkubwa anapofariki, baada ya maziko watu hukusanyika na msemaji hodari, anayeitwa omuswala kumuse, hutembea huku na huko katikati yao akisimulia chimbuko la koo, mahame, vita na mila. Atawakumbusha Chetambe, karibu na Webuye, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijifungia ndani ya ngome yao wakapigana na jeshi la Hobley lenye bunduki za kisasa. Lakini kazi hiyo ya kumuse kwa mila ni ya wanaume. Yule binti, alisema mwalimu, bibi yake ni bingwa wa hadithi hizo zote, na hajapata kusimama mbele ya watu kuzisema.

Na la watumwa je? Mwalimu akacheka kidogo. "Mwalimu, hapa wakimwona mtu wa pwani mwenye kofia, watoto hukumbuka waliyoyasoma darasani. Wanataka kujua kama babu zako waliwachukua babu zao."

Nadhani swali hilo linastahili jibu la haki, lisilo la kujitetea wala la kujipiga kifua. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilifika mpaka Mumias, si mbali na hapa. Wafanyabiashara wakipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, babake Mumia. Na Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 alikuta wameshamtangulia. Njia hii ya kaskazini ilikuwa zaidi ni njia ya pembe za ndovu. Watumwa waliolima nafaka ya Malindi na karafuu za Unguja na Pemba wengi wao walitoka kusini, Uyao na pande za ziwa Nyasa na kwingineko bara. Wengine walikuwa jirani zetu kabisa. Katika njaa iliyowapata Wamijikenda mwaka 1884 wako wazazi walioweka watoto wao rehani mijini, na mabinti hasa, ili nyumba ipate mahindi, na rehani nyingine hazikukombolewa. Hata hivyo, kusema kwamba njia ni ya pembe si kusema kwamba hakuna mtu aliyeshikwa njiani. Mzigo wa pembe ulitaka mabega, na kambi ya wanaume mia kadhaa ilitaka wapishi na wake. Wabukusu waliishi ndani ya ngome za udongo zenye mahandaki. Mahandaki yale waliyachimba zaidi kwa kuwaogopa majirani zao wa vita, lakini wageni wenye bunduki nao hawakuwapunguzia hofu.

Usiku ule mvua ilinyesha juu ya mabati hata tukashindwa kuzungumza. Mwalimu akanipa kitabu cha Kiingereza, akasema, "Soma hiki, ndicho kilichomtia yule binti wazimu."

Kitabu kilikuwa cha mama mmoja wa Marekani, Margarita Engle, aliyezaliwa California mwaka 1951, mamaye akiwa mtu wa Kuba. Kinaitwa The Poet Slave of Cuba, kilitoka mwaka 2006, na kiliandikwa kwa ajili ya vijana. Ni riwaya, lakini imeandikwa kwa mashairi mwanzo mpaka mwisho. Inasimulia maisha ya Juan Francisco Manzano, aliyezaliwa mtumwa huko Kuba mwaka 1797. Utotoni bibi wa kwanza aliyemmiliki alimfanya pambo la nyumba, kijana wa kukariri hotuba na mashairi mbele ya wageni. Bibi wa pili akamtesa mateso ambayo sitayaandika hapa. Alijifunza kuandika kwa kuiba. Alipokuwa mtu mzima, wapenzi wa fasihi wa Havana walichanga fedha wakamnunulia uhuru wake mnamo 1836, na habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe zilifasiriwa kwa Kiingereza zikachapwa London mwaka 1840, wakati nchini mwake utumwa ulikuwa bado na miaka 46 ya kuishi.

Katika kitabu hicho Manzano hasemi peke yake. Anasema yeye, kisha anasema mamaye, kisha anasema bibi mwenye kumtesa, kila mmoja kwa shairi lake, na msomaji kijana anaachiwa ahukumu. Yule mama ameandika na vingine vya namna hiyo. Kimoja cha mwaka 2013, The Lightning Dreamer, ni habari za Gertrudis Gómez de Avellaneda, binti wa kitajiri wa Kuba aliyezaliwa mwaka 1814, akakataa kuozwa kwa mali, akaja kuandika riwaya ya kupinga utumwa iitwayo Sab, iliyotoka Hispania mwaka 1841 na kupigwa marufuku Kuba. Mwandishi ameona kwamba jambo la mtumwa kununuliwa na jambo la binti kuozwa bila ya kuulizwa yana mzizi mmoja, naye hakuwahubiria watoto hayo, amewasimulia.

Nakiri mashairi yenyewe hayana vina wala mizani. Mimi ni mtu niliyelelewa katika arudhi, na ugomvi uliozuka Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mimi nikiwa mtoto mdogo chuoni, bado naukuta barazani kwetu ukubwani mwangu, nami najua niko upande gani. Basi nilikisoma kama mtu aliyekaribishwa chai isiyo na sukari. Lakini nilikunywa kikombe cha pili, na cha tatu, mpaka jogoo wakawika. Na kilichonikera si chai yao bali bidhaa yetu: kusimulia tarehe kwa nyimbo ndefu ili vijana wazishike moyoni ndiyo kazi yenyewe ya utenzi, na sisi tuliokuwa nayo karne tatu hatukumpa kijakazi hata tenzi moja maarufu ya kusomwa madarasani.

Si kwamba habari hazipo. Mwaka 1865 binti wa Kiyao anayeitwa Swema, mwenye umri wa kama miaka kumi, alifikishwa Unguja baada ya mamaye kufia njiani. Alikuwa amedhoofika hata wakadhani amekufa, wakamzika katika shimo fupi. Kijana mmoja alisikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa wamisionari Wakatoliki. Habari zake zilichapwa kwa Kifaransa huko Paris mwaka 1870, zisomwe na watoto wa Ulaya. Watoto wa Unguja wangapi wanamjua Swema?

Salme binti Said, bintiye Sultani, naye alizaliwa na suria. Katika kumbukumbu zake alizozitoa kwa Kijerumani mwaka 1886, ametaja jina la mamaye, Jilfidan, na kwamba alikuwa Mcherkasi aliyenyakuliwa utotoni. James Mbotela, ambaye wazee wake walikuwa katika waliokombolewa wakaletwa Freretown, pale Kisauni, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934 kwa Kiswahili. Kitabu hicho wengi wetu hatukukipenda, nami naelewa kwa nini: kinawasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama zote kinatutwika sisi na Waarabu. Lakini kama hukupenda jinsi jirani alivyoisimulia harusi yenu, kwa nini hukuisimulia mwenyewe?

Na yuko Siti binti Saad, ambaye kila mtu wa pwani anazijua nyimbo zake hata kama hajui kwamba anazijua. Alizaliwa Fumba mnamo 1880, wazee wake wakiwa watu wa asili ya utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima lililokuja baadaye. Mtoto huyo aliyekuwa akichuuza vyungu ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Katika wimbo wake wa Kijiti aliimba habari za mwanamke mgeni aliyeuawa na za mahakama iliyomwacha muuaji akapona huku mashahidi wanawake wakifungwa. Shaaban Robert alimwandikia wasifu wake, uliochapwa mwaka 1958, na wasomi wa kizazi cha wazee wetu walikua nao. Ni kitabu kizuri, ila ni nathari. Nani atamtungia utenzi wa beti mia tatu, mtoto wa darasa la saba aanze na Mtumwa wa Fumba na amalize na Siti?

Nasema haya nikijua kuwa msomaji mmoja ameshakunja uso. Atasema: tukifungua mlango huu, wataingia wenye kuupiga vita Uislamu. Atasema pia kwamba utumwa wa kwetu haukuwa kama wa Marekani. Suria aliyezaa hakuuzwa tena, mtoto wake alikuwa huru na akirithi, na masultani wa Unguja wenyewe wengi walizaliwa na masuria. Ni kweli, na nimeisoma fiqhi hiyo nikiwa nimekaa mkekani. Lakini tutazame tarehe. Tarehe 6 Aprili 1897 ilitolewa amri Unguja kwamba mtumwa anayetaka uhuru wake aende akaudai. Amri hiyo iliwatoa masuria. Wao walihesabiwa kama wake wa watu, hawakuweza kudai huria kama wenzao. Walingoja mpaka 1909. Mwanamume aliyechuma karafuu angeweza kuondoka, mwanamke wa ndani akangoja miaka kumi na miwili zaidi, na katika shauri hilo kati ya Mwingereza na mabwana hakuna aliyemwuliza yeye.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa Unguja ndani ya miaka hiyo kumi na miwili, kabla ya kuhamia Mombasa. Nyumbani kwetu tuna nasaba iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu katika karatasi inayohifadhiwa pamoja na msahafu wa marehemu baba. Majina ya wanaume yamepangwa, fulani bin fulani bin fulani, hata yakavuka bahari. Mahali pa mamake babu pameandikwa neno moja, suria. Hakuna jina lake wala la nchi aliyotoka. Nimeipita karatasi ile maisha yangu yote bila ya kuona kwamba kuna kitu kimepungua, mpaka mtoto wa Lwakhakha aliponiuliza alitungiwa na nani.

Asubuhi nikarudi darasani, nikawaambia kwamba leo sitasomesha mizani, nitawapa kisa nilichokisikia chuoni nikiwa mdogo kuliko wao. Darasa lile karibu wote ni Wakristo, nami nikawaambia wasikilize kama hadithi. Ni kisa cha Barira. Alikuwa mjakazi Madina. Bi Aisha alimnunua akamwacha huru, na mumewe, Mughith, akabaki mtumwa. Sheria ikampa Barira hiari ya kubaki na mume yule au kuachana naye, naye akachagua kuachana. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina akilia, machozi yanatiririka ndevuni. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, akamwonea huruma, akamwambia Barira lau angemrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa si amri, ni kumwombea tu. Barira akasema basi yeye hana haja naye. Na ikawa hivyo, hakulazimishwa na mtu.

Wavulana wakamwonea imani Mughith. Mabinti wakapiga makofi hata mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Mmoja akauliza kwa nini kisa kizuri kama hicho hakimo katika vitabu vyao. Nikamwambia kimo katika vitabu vya Hadithi, ila washairi wetu tumependa zaidi kutunga vita.

Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono. Shangazi yake, alisema, anafanya kazi za nyumbani Uarabuni, mwaka wa pili sasa, na pasipoti yake anayo mwajiri. Je, naye ni mtumwa?

Hilo nalo lilinigusa pahali pake, kwa kuwa kwetu pwani hakuna nyumba isiyo na jamaa Omani au Imarati, na wako wanaoishi vizuri huko na wako wenye kuajiri. Nilimjibu kwamba kwa sheria si mtumwa. Hakununuliwa, ana mkataba, ana mshahara, na wako waliokwenda wakarudi wamejenga. Lakini chini ya utaratibu wa udhamini, ule uitwao kafala, ruhusa yake ya kuwapo nchini imefungamana na huyo bwana mmoja, na pasipoti ikiwa katika kabati la bwana, mtu hawezi kusema kama Barira kwamba hana haja. Kijana akatikisa kichwa, akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Mwisho wa kipindi, yule binti wa jana akanifuata nje na daftari la kurasa ndogo. Alikuwa ameanza utenzi wake tangu muhula uliopita. Amenipa ruhusa kuchapa beti mbili za mwanzo:

Nilikwenda teka maji
Mbali kidogo na mji
Wakafika wawindaji
Bunduki zi mabegani

Walitaka pembe zetu
Wakahesabu na watu
Kana kwamba sisi vitu
Wakatufunga shingoni

Nilizihesabu mizani kwa vidole kama ilivyo desturi yangu mbaya. Zimetimia. Beti zilikuwa arubaini na moja. Msichana wa utenzi ametembezwa mpaka pwani, amefikishwa katika nyumba ya watu, na hapo mtunzi amekwama. Akanieleza kwa nini.

"Mzee, pale pwani wangemwita nani?"

Nikamtajia majina ambayo vijakazi walikuwa wakipewa: Faida, Zafarani, Mrashi, na kadhalika, majina ya vitu vinavyonukia au vinavyoleta pesa. Aliyaandika yote kwa adabu. Kisha akasema, "Hayo ni waliyompa. Mimi nataka lile alilokuja nalo. Ninyi kwenu hayakubaki hata moja?"

Nikamwambia nitauliza.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa dada yangu mkubwa, ambaye amepita miaka 70 na ndiye aliyebaki katika waliomuuguza babu. Nikamwuliza mamake babu akiitwa nani. Alinitazama kwa muda, akaendelea kuchambua mchele. Akasema babu hakupata kumtaja kwa jina. Akisema "mama" basi imetosha. Ila katika ugonjwa wake wa mwisho, usiku mmoja, alikuwa akiita neno ambalo hakuna aliyelifahamu, si Kiswahili wala si Kiarabu. Alilirudia mara nyingi. Wao wakadhani ni homa, wakamsomea Yasini. Nikamwuliza neno lenyewe. Akasema, "Ndugu yangu, ni miaka mingapi! Lilikuwa neno fupi."

Nikamwandikia yule binti hayo hayo kama nilivyoyasikia, bila ya kuongeza. Mwezi uliopita mwalimu wake alinipelekea nakala ya utenzi ambao sasa umefika beti tisini na sita. Huu ndio ubeti wa 42:

Nikaitwa nisojua
Majina ya kununua
Langu hawakuchukua
. . . . . . bado moyoni

Mpiga chapa wetu alinirudishia karatasi akidhani nimesahau kujaza. Nikamwambia apaache hivyo hivyo. Nimepima, pengo lile ni la mizani tatu.